Onja, Tema

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, magoti yamekupa nafuu, na shemeji amekubali kukipeleka hospitali kile kikohozi anachokitetea kama mali ya urithi. Mimi huku mzima kiasi, na hicho kiasi ndicho kitakachonichosha mkono leo. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, na kama kuna kitu kinachemka jikoni, zima moto kwanza.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Lakini wewe unanijua kwenye simu, dada. Kwenye simu mimi hushinda. Ukisema neno nakurudishia matano, na mwishowe unasema haya basi, umeshinda, unakata. Safari hii sitaki kushinda. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nimeupata ujumbe wako wa sauti kuhusu binti yako. Nimeusikiliza na kuurudia. Unasema tangu afukuzwe kazi jikoni kwetu humwachii hata kuchemsha chai. Unasema ulimwonyesha kwa majirani waliokuja kukusalimu, ukawaambia huyu ndiye mpishi aliyetaka kuwaua wakubwa kwa supu, nao wakacheka hadi wakashika mbavu, naye akaendelea kuosha vikombe kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Unasema ipo hoteli ndogo karibu na kwenu ambayo iko tayari kumchukua, ila mwenyewe anataka kwanza neno langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkuu wake. Na unaniuliza mimi, mdogo wako, nikuambie bila kupaka mafuta: mwanetu ni mpishi, au akajifunze kushona?

Jibu lipo. Lakini likisimama peke yake hutalielewa, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo, tumboni mwangu.

Ulipokuja kunitazama wodini mwaka jana nilikwambia nimefanyiwa upasuaji wa ngiri. Haikuwa ngiri. Nilikatwa tumbo. Sehemu kubwa waliitoa, wakaniachia kijifuko chembamba kama ndizi. Wote mnaonisifu kwamba nimepungua kwa kujinyima na kutembea, mmesifu mkono wa daktari.

Najua hapo umeishusha barua na kuiinua tena. Unakumbuka nilivyomfanya mke wa binamu yetu, siku ile ukoo mzima umekusanyika, baada ya kusikia kwamba naye amekatwa. Nilisimama na sahani yangu iliyojaa, nikahutubia. Nilisema huo ni uvivu wa kununua. Nilisema binadamu si suruali ya kupelekwa kwa fundi ikapunguzwe kiuno. Nilikuwa nimesoma makala mbili tatu, nilikuwa na hoja, nilikuwa na sauti, na mlicheka wote. Yeye alikuwa ameinamia sahani yenye vijiko viwili vya wali. Basi sukari iliponipanda, na presha ikaifuata, na daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba nikiendelea hivi moyo utanisimama nikiwa mbele ya jiko, ningewezaje kuja kwenu kusema, jamani, na mimi nimeenda kwa fundi? Nikachagua ngiri. Ngiri haina wa kuicheka.

Baada ya upasuaji, mshauri wa chakula pale hospitali, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto, alinipa kikaratasi cha masharti. Kula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Anza na yai, samaki, kuku au dengu, mboga zifuate, wanga uje mwisho kama bado kuna nafasi. Tafuna mpaka kiwe uji. Usinywe maji pamoja na chakula. Keti, tulia, usiharakishe. Na vidonge vya vitamini kila siku, maisha yako yote. Nilibishana naye pale pale. Nilimwambia kikaratasi hiki kimeandikwa na mtu mwenye meza, kiti, na mlango wa kufunga. Dunia nzima imejaa ushauri wa namna hii: wanaoutoa wanakula saa saba kamili, na wanaoupokea ndio wanaowapikia hicho chakula cha saa saba. Nilimwuliza ni lini mara ya mwisho aliona mpishi ameketi. Alitabasamu, akasema atanisubiri kliniki mwezi ujao. Nilitoka nimeshinda. Nilikuwa na hoja nzuri na tumbo lisilojua hoja.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo watu hawalijui. Wanadhani mpishi anakula. Mpishi hali, dada, mpishi anaonja. Jiko letu linalisha maofisi kila siku, na juu yake kuna semina na mikutano ya watu wazito. Sufuria zinasimama mstari mzima, na kila sufuria ina kijiko changu: chumvi imekolea? mchuzi umeshika? nyama imeiva au inajifanya? Zamani kijiko kilikuwa si kitu, kilipotea njiani. Kwa tumbo hili jipya, vijiko vichache vya mchuzi na sosi na kastadi, basi, umeshiba. Umeshiba chumvi, mafuta na sukari. Yai likija linakuta mlango umefungwa. Nikirudi nyumbani usiku nimechoka hata kutafuna siwezi, nakunywa maziwa nalala. Nilikuwa napungua, kweli, na kila mtu ananipigia makofi, huku nywele zinabaki kwenye kofia ya kazi na nikipanda ngazi za stoo nashika ukuta. Sikuwa napona. Nilikuwa nanyauka.

Mwanetu ndiye aliyenikamata. Siku hiyo kastadi iligoma kushika, nikaionja na kuionja tena, kisha nikajifungia stoo nikaketi juu ya gunia la mchele, kijasho kinanitoka, moyo unakimbia kama unafukuzwa. Akaingia kuchukua vitunguu. Nilimfokea atoke, nahesabu magunia. Hakutoka. Alinipangusa uso kwa pindo la aproni yake, akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba hajawahi kusikia ngiri inayokasirishwa na kastadi. Akasema nywele zangu amekuwa akiziokota kwenye sinki kabla wenzetu hawajaziona. Kisha akaniuliza, mama mdogo, ulikatwa tumbo?

Nilimwapisha pale pale juu ya gunia. Nilimwambia akimweleza mtu yeyote, akikueleza hata wewe mama yake, mimi si mama yake mdogo tena. Akasema sawa. Akachukua vitunguu vyake akatoka.

Tangu siku hiyo akawa ananilisha. Siku yake ya mapumziko alichemsha mayai, akapika samaki kwa mvuke, akachambua kuku nyuzi nyuzi, akapika dengu zikalainika, akavipanga kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko, akavificha rafu ya juu ya friji nyuma ya siagi. Saa ya kula ikifika alipaza sauti kutoka upande wa pili wa jiko, Wakili, una simu stoo! Wakili ndilo jina wanaloniita pale, unaweza kukisia kwa nini. Mimi naacha mwiko, yeye anasimamia sufuria zangu, naenda kuketi juu ya gunia na kikopo changu na kijiko cha chai. Zile simu zilikuwa nyingi hata mkata nyama akaapa kwamba nimepata mchumba, na kwamba ndiye anayenikondesha.

Nilimgombeza, bila shaka. Nilimwambia yai kila siku ni adhabu ya jela. Nilimwambia kazi haiwezi kusimama kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja. Hakubishana. Alinipa kijiko tu. Katika maisha yangu sijakutana na mtu mwingine ambaye ni vigumu hivyo kugombana naye, na hilo, dada, hakulipata kwangu wala kwako.

Na ndiye aliyelimaliza tatizo la kuonja. Alisema amesikia kwamba wale wanaoonja chai viwandani hawaimezi; wanaizungusha mdomoni, wanaihukumu, wanaitema. Basi na mimi nionje, niteme. Nilimjia juu. Mpishi ateme chakula chake mwenyewe? Hayo ni matusi kwa sufuria! Akasema sufuria haina masikio. Akaniwekea kikombe chenye kifuniko nyuma ya mlango wa stoo, akaniomba jambo moja tu: nichukue kijiko, niingie stoo, niteme huko, kamwe nisiteme mbele ya watu.

Nilifanya hivyo, na haikuchukua muda nikaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Vipimo vilitulia. Mshauri wa chakula alinisifu kwa kujipanga vizuri na kazi zangu, nami nikazipokea sifa hizo peke yangu.

Sasa nije kwenye siku ya supu. Unalijua lile jiko letu. Tajiri, mwenye jiko, alibomoa ukuta wa kati akaweka kioo, ili wageni waketi ukumbini watuone tulivyo safi. Nilimpinga wiki nzima, nikamwambia mpishi si samaki wa mapambo, lakini kioo ni chake. Siku hiyo wageni walikuwa wakurugenzi wa kampuni kubwa, wateja tuliokuwa tukiwatafuta muda mrefu. Supu alipika mwanetu kuanzia mifupa hadi majani ya mwisho. Wewe habari unazijua kama nilivyokusimulia mimi: kwamba mifupa ilikuwa imelala, kwamba supu ilikuwa na harufu, kwamba nilipoionja niliitema, wageni wakaona, wakaweka vijiko chini, na Tajiri akamfukuza.

Supu haikuwa na kosa, dada. Haikuwa na kosa hata moja.

Mambo yalikuwa yamepamba moto, trei zinatoka, na mimi nikaona uvivu kutembea hatua hizo chache hadi stoo. Bakuli za kwanza zilikuwa zimeshafika mezani. Nikachota, nikaonja, nikageuka kidogo tu, nikatema kwenye bilauri. Nilipoinua uso nilikutana na macho ya mwenyekiti wao ng'ambo ya kioo. Kijiko chake kilikuwa nusu ya safari. Akakirudisha. Aliyeketi kando yake akamtazama, akakirudisha na chake. Vikashuka hivyo meza nzima, nami nimesimama na bilauri yangu kama mwizi aliyekutwa na kuku.

Tajiri aliingia amepauka. Aliuliza kuna nini kwenye supu. Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja: supu ni nzima, mimi nimekatwa tumbo, naonja natema. Sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kuzisema ndani ya lile jiko. Wote walikuwa wananitazama, mkata nyama, waosha vyombo, wapakuaji, na nikaona jinsi watakavyocheka, maana nawajua, na najua wanavyocheka kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha. Nikasema supu ina kasoro. Nikasema, muulize aliyeipika.

Tajiri hakuionja. Aliogopa. Akamgeukia mwanao.

Sikuambii alinitazama vipi, kwa sababu sikumtazama. Nilisikia tu. Nilisikia kimya cha mtu mwenye neno moja la kujiokoa, na nikasikia akiliacha lipite. Alimwambia Tajiri, nimekosea, samahani. Basi. Wakaishika sufuria wawili, wakaimwaga yote kwenye mfereji wa kuoshea, na mvuke wake ulinukia vizuri hata mmoja wa waliomwaga alimeza mate, nikamwona.

Alivua aproni akaikunja. Alipopita karibu yangu kwenda kuchukua mkoba wake aliniambia kwa sauti ya chini, mama mdogo, samaki wako yuko rafu ya juu, mle kabla hajakauka. Huyo ndiye uliyewaonyesha majirani.

Na nilimla, dada. Wageni walipoondoka niliketi juu ya gunia nikamla samaki wote, polepole, nikitafuna kama kikaratasi kinavyotaka. Kisha nikakupigia simu kukuambia mifupa ilikuwa imelala.

Usije ukadhani ni njaa iliyonifungua mdomo. Mimi sasa najilisha mwenyewe kwa njia yake ile ile: siku ya mapumziko nachemsha, nachambua, napanga vikopo, na simu yangu ikilia saa ya kula naenda kuketi. Nakula vizuri sana, kazi ikiwa imenizidi au imepungua. Hilo ndilo linaloniuma. Kila kikopo ninachofungua ni mkono wa mtu niliyemsingizia. Nilijipa sababu nyingi za kunyamaza, na unajua mimi sababu sizikosi: kwamba yeye ni kijana atapata kazi nyingine, kwamba alisema mwenyewe nimekosea, kwamba sikutamka jina lake. Hoja zote safi. Ukaja ujumbe wako na vile vicheko vya majirani nyuma ya sauti yako.

Juzi asubuhi, kabla moto haujawashwa, niliwakusanya jiko zima na Tajiri akiwepo, nikasema. Nilianza na tumbo nikamalizia na supu. Hakucheka mtu. Mkata nyama peke yake ndiye aliyetia neno. Alisema, kumbe mchumba alikuwa yai, kisha akaangalia chini, maana haikumchekesha hata yeye. Tajiri alikitazama kioo chake. Mwishowe akasema mwezi ukiisha niondoke, kwa sababu jiko linaweza kuvumilia mpishi anayetema lakini si mpishi anayesingizia, na nafasi ya mwanao iko wazi akiitaka. Nilisema sawa. Aliniuliza mara mbili kama ninaumwa, hajazoea kusikia neno hilo kwangu.

Nilikwenda pia kwa yule mwenyekiti, ofisini kwake, kumwambia supu ilikuwa nzima. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema hakumbuki hata ilikuwa supu ya nini.

Kisha nikampigia mwanao. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na laiti angenitukana. Aliniuliza kama nakula. Nikamwambia nakula. Akaniuliza kama nywele zimeota. Nilipomwambia nataka kukueleza ukweli wote alibadilika sauti, akaniomba nisikueleze. Alisema, mama atakukasirikia, hatakusamehe, na ninyi kwenu mmebaki wawili tu. Alisema ya supu yataisha yenyewe, watu watapata wa kumcheka mwingine. Kwa hiyo ujue kwamba hata siku uliyomwita muuaji mbele ya wageni wako, alikuwa anaosha vikombe akitulinda sisi wawili, mimi na wewe.

Sasa jibu uliloniomba. Mwanetu ni mpishi. Supu ile ilikuwa bora kuliko yoyote niliyopika mimi, na nilijua hivyo ikiwa bado ulimini. Niliishikilia mdomoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu sikutaka kuitema. Mwambie hivyo mwenye hoteli, kwa maneno haya haya, na kama anataka kunisikia mwenyewe nitakuja. Iwe ni hoteli hiyo au jiko letu, achague yeye, si wewe wala mimi.

Nina ombi moja tu. Nikasirikie, dada. Usininyamazie kwa heshima, usiseme yameisha. Nikasirikie kwa sauti, na umwache akusikie, ili aone kwamba mtu anaweza kunikasirikia na mbingu zisianguke. Ila kabla hujafika kwangu, pitia kwake. Wewe na mimi tuna deni moja kwa mtoto yule, na wewe uko naye chumba kimoja.

Nisalimie shemeji, na hospitali aende. Wasalimie na wale majirani waliocheka. Waite tena, wape chai, wasomee ukurasa wowote wa barua hii utakaoona unafaa. Ukikutana na mke wa binamu yetu kabla yangu, mwambie ninakuja kwake, na kwamba safari hii nitakuja kuketi.

Sitegemei unijibu upesi. Lala salama, Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Wakili